Lipa Kabla Hujapanda: Mwongozo wa Kusafiri Ujerumani kwa Pesa Kidogo

Kwetu nauli huulizwa ukiwa umeshakaa. Daladala linaondoka, konda anapita akigonganisha sarafu, ndipo unaingiza mkono mfukoni. Ukipungukiwa mia mbili unamwomba akusitiri, na mara nyingi anakusitiri. Ujerumani mambo hayo yote humalizika kabla hujapanda. Mlangoni hakuna konda, kituoni hakuna geti la kukuzuia, na hakuna mtu wa kumwomba. Abiria wawili hukaa viti vilivyopakana katika treni ya Berlin kwenda Munich: mmoja alinunua tiketi wiki sita nyuma kwa euro 25, mwingine kainunua asubuhi hiyo kwa zaidi ya euro 150. Treni moja, mwendo mmoja.

Nimekwenda mara tatu kumtembelea dada yangu aliyeolewa Leipzig. Kila mara nilikaa siku kumi, na safari ya kwanza ilinigharimu karibu mara mbili ya ile ya tatu. Sikula vibaya zaidi safari ya tatu, wala sikulala pabaya zaidi. Nilikuwa nimejua tu lini kila kitu hununuliwa. Nakuandikia niliyojifunza, kwa mpangilio utakaoyahitaji.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, ndege baadaye

Watu wengi huanza kwa kutafuta ndege. Anza na kalenda, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni viza. Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa nusu, wa chini ya hapo halipiwi. Ada hairudishwi ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Lakini nafasi za miadi hujaa, hasa kuelekea Juni na Julai, kwa hiyo omba miadi miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi na itumike katika nchi zote za Schengen. Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Mahali pa kuombea viza wanachotaka kuona ni nafasi ya ndege uliyoshikiwa. Kama mwenyeji wako atakugharimia, aende mapema kwenye ofisi ya wageni ya mji wake atoe ahadi rasmi inayoitwa Verpflichtungserklärung. Atalipa euro 29, nawe utawasilisha karatasi halisi. Nakala ya simu haitoshi, kwa hiyo hesabu na siku za posta.

Ya pili ni mwezi wenyewe. Nitaeleza chini kuwa tiketi nafuu kuliko zote huuzwa kwa mwezi wa kalenda. Ukifika tarehe 25 Mei ukaondoka tarehe 4 Juni, utailipia mara mbili. Ukifika tarehe 3 Juni ukaondoka tarehe 13, utalipa mara moja. Hilo peke yake ni euro 63.

Ya tatu ni maonyesho na sikukuu. Oktoberfest ya Munich huanza Septemba katikati na kuishia mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo kitanda cha kawaida huuzwa bei ya hoteli kubwa. Frankfurt hupanda bei wakati wa maonyesho ya vitabu ya Oktoba, na miji mingine kama Hannover na Köln nayo ina maonyesho yake ya biashara. Kabla ya kuamua tarehe, angalia bei ya kitanda kwa wiki hiyo na wiki inayofuata. Ukiona imeruka ghafla, mjini kuna jambo.

Wanaokwenda Novemba hadi Machi waongeze bajeti ya koti, viatu vya kufunika na soksi nene. Nguo hizi nunua huku mitumbani kabla ya kuondoka. Makoti mazuri ya baridi hukaa humo yakisubiri mnunuzi kwa sababu kwetu hayana kazi.

Hatua ya 2: Hesabu kwa karatasi

Hii ndiyo hesabu yangu ya safari ya tatu, mtu mmoja, siku 10 na usiku 9, bila ndege, viza wala bima. Nimeihesabu kama vile ningelala kwenye hosteli, maana si kila mtu ana dada.

Kulala, usiku 9 kwa euro 35: euro 315.
Chakula, siku 10 kwa euro 20: euro 200.
Tiketi ya mwezi: euro 63.
Treni mbili za masafa marefu: euro 50.
Viingilio: euro 50.
Laini ya simu: euro 15.
Akiba isiyoguswa: euro 100.

Jumla ni euro 793. Ukitaka chumba chako mwenyewe, sehemu ya kulala itapanda mara mbili au zaidi, na ndilo fungu litakalokula pesa zako kuliko yote. Mkisafiri wawili, chumba cha hoteli ndogo kinaweza kuwa sawa na vitanda viwili vya hosteli, basi linganisha. Miji mingi hutoza kodi ya malazi juu ya bei. Berlin ni asilimia 7.5 tangu mwaka 2025. Usiipuuze.

Andika kila fungu kwa euro, kisha ubadilishe jumla kuwa shilingi kwa bei ya siku hiyo na uongeze kidogo. Ukishafika acha kabisa kugeuza kila bei kuwa shilingi. Mkate wa euro 3 ukiugeuza utakukosesha hamu ya kula, na mtu mwenye njaa hufanya manunuzi mabaya.

Hatua ya 3: Tiketi moja ya nchi nzima

Jina lake ni Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58, na tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Kwa bei hiyo unapanda mabasi ya mjini, tramu, treni za chini ya ardhi na treni zote za mikoa, kaskazini hadi kusini, mara nyingi upendavyo. Sijaona nchi nyingine kubwa yenye kitu kama hiki, na mgeni mwenye mfuko mdogo anayekaa zaidi ya wiki moja ana sababu chache sana za kutoinunua.

Lakini ijue mipaka yake. Kila treni ina herufi mbele ya namba. S na U (treni za mjini), RB na RE (treni za mikoa): panda. ICE, IC na EC: usipande, hizo ni treni za mbali na tiketi hii haifanyi kazi humo. Mabasi na treni za FlixBus na FlixTrain nazo hazimo. Kwenye ubao wa kituo treni zote huandikwa pamoja, kwa hiyo soma herufi kabla ya kusoma mji.

Jambo linalowaponza wageni ni kwamba hii ni tiketi ya kujisajili. Usipoikatisha, mwezi ujao pesa zitakatwa tena ukiwa umeshalala kwako Tanga. Kwa wauzaji walio wengi, mwisho wa kukatisha ni tarehe 10 ya mwezi huo. Ninavyofanya mimi: nainunua kwenye simu, naisubiri itokee, halafu siku hiyohiyo nabonyeza kukatisha. Tiketi huendelea kutumika hadi mwisho wa mwezi. Hifadhi barua pepe ya kuthibitisha kwamba umekatisha.

Kuna wauzaji wanaotaka akaunti ya benki ya Ulaya na wengine wanaokubali kadi ya kawaida. Ukikataliwa na programu moja jaribu nyingine, ni tiketi ileile kwa bei ileile. Jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti, na pasipoti uwe nayo safarini, kwani mkaguzi ana haki ya kuiomba. Tiketi hii haiazimwi.

Kwa mgeni anayekaa mji mmoja siku tatu nne, hesabu ni nyingine. Berlin, kwa mfano, tiketi ya siku nzima ni kama euro 11, na siku nne za namna hiyo bado ni chini ya 63. Familia au marafiki hadi watano wanaotaka kuzunguka jimbo moja kwa siku moja waulize tiketi ya jimbo, kama Bayern-Ticket ya Bavaria. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, mwisho wa wiki huanza usiku wa manane, na huishia saa tisa usiku wa siku inayofuata. Ukigawanya bei kwa watu watano, kila mmoja hutoa kiasi kidogo sana.

Nikiwa Leipzig, kwa tiketi ya mwezi nilikwenda Dresden, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa RE, nikaenda Halle, nikaenda Weimar, na sikutoa senti nyingine ya nauli. Hamburg tiketi hiyohiyo hupanda hata feri: namba 62 kutoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Watalii wanalipa pesa nyingi kwa boti za kuzunguka bandari, na feri hii inapita mbele ya meli zilezile na makreni yaleyale. Mtu wa pwani atakaa sitaha ya juu atazame bandari ikifanya kazi, na hataona muda ukienda.

Hatua ya 4: Treni za mbali, na umuhimu wa wiki sita

Kutoka Berlin hadi Munich kwa treni za mikoa pekee inawezekana, lakini ni siku nzima na kubadilisha treni mara kadhaa. ICE ya haraka huchukua mwendo wa saa nne. Kwa safari ndefu kama hizo nunua tiketi ya pembeni, na uinunue mapema.

Bei ziko za aina tatu. Super Sparpreis ndiyo ya chini, na mara nyingine hushuka chini ya euro 20, ukishainunua hairudishwi. Sparpreis ni ghali kidogo, na ukiikatisha mapema unarudishiwa sehemu. Flexpreis ni bei kamili, unapanda treni yoyote siku hiyo. Mbili za kwanza zimefungwa kwa treni uliyoichagua. Ukichelewa dakika mbili tiketi imekufa. Hapo hakuna mjadala, na nakuomba usijaribu bahati kwa kupanda treni inayofuata ukidhani wataelewa.

Hata hivyo, kosa likiwa la reli, sheria iko upande wako. Treni za Ujerumani zinachelewa, tena sana. Sifa ya Wajerumani ya kwenda na saa haikufika kwenye reli zao za leo. Ikionekana utafika mwisho wa safari umechelewa dakika 20 au zaidi, kile kifungo cha kupanda treni moja tu huondoka, unaweza kupanda nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60, una haki ya kudai asilimia 25 ya nauli; dakika 120, asilimia 50. Madai hufanywa kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, ileile uliyonunulia tiketi. Zipo dharura ambazo fidia hailipwi, kama hali ya hewa mbaya kupita kiasi, lakini dai tu, uamuzi waachie wao.

Kutokana na sheria hiyo hutoka kanuni moja ya kununua: safari nzima iwe tiketi moja. Ukienda Leipzig hadi Lübeck kwa kubadilisha treni njiani, usinunue vipande viwili kwa sababu vimeonekana nafuu kwa euro 3. Kipande cha kwanza kikichelewa, cha pili kimepotea na hakuna wa kukufidia. Pia kwenye programu kuna mahali pa kuchagua muda wa kubadilisha treni. Programu itakupa dakika 6 kwa furaha. Wewe weka 20.

Watoto wa chini ya miaka 6 husafiri bure. Wa miaka 6 hadi 14 wakiwa na mtu mzima huingia bila malipo kwenye tiketi ya masafa marefu, ila lazima waandikwe wakati wa kununua. Baada ya hapo ni vigumu kuwaongeza. Kiti kukiwekea nafasi ni malipo ya pembeni, kama euro 5 na ushee. Peke yako na begi dogo, huhitaji. Ukiwa na watoto au mzee, au ni Ijumaa jioni, lipia.

Basi la FlixBus mara nyingi ni nafuu kuliko treni ukichelewa kununua. Stendi huitwa ZOB, na si lazima iwe karibu na kituo cha treni. Ya Berlin iko upande wa magharibi wa mji, basi jipe saa nzima ya kufika.

Hatua ya 5: Geuza saa mapema

Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu ambao vitabu vya watalii haviutaji. Tiketi za kule huandikwa kwa saa 24. 07:12 kwetu ni saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. 14:37 ni saa nane na dakika thelathini na saba mchana. Nyumbani unageuza bila kufikiri, lakini ukiwa umechoka, una mabegi, na unaongea na ndugu kwenye simu, kichwa huchanganya. Mimi na dada tulishakubaliana: mambo ya treni tunayasoma kwa tarakimu, "sifuri saba kumi na mbili", na Kiswahili cha saa tunakiacha kwa mambo ya chakula na swala.

Mtego wa pili umo katika Kijerumani. Ukisikia mtu anasema "halb acht", neno acht ni nane, na utadhani ni nane na nusu. Maana yake ni nusu ya kuelekea nane, yaani 07:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Mgeni anakosea mara mbili kwa neno moja. Ukiambiwa muda kwa mdomo, omba uandikiwe.

Wa tatu ni wa usiku. Pwani, mtu akisema usiku wa Ijumaa huenda anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku yetu huanza jua likizama. Kule siku hubadilika usiku wa manane, kwa hiyo basi la tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:20 huondoka Alhamisi usiku, dakika ishirini baada ya siku yao kubadilika. Ukienda stendi Ijumaa jioni, gari limeondoka tangu usiku uliopita. Ukiwa na tiketi ya baada ya 00:00, andika kwa mkono wako: "nitoke nyumbani Alhamisi baada ya chakula cha usiku".

Hatua ya 6: Kutoka uwanja wa ndege

Usichukue teksi. Viwanja vyote vikubwa vina treni ya bei ya kawaida ya mjini. Frankfurt ni S8 au S9, dakika chache hadi kituo kikuu. Zingatia kwamba uwanja una vituo viwili vya treni, kimoja cha treni za mikoa na kingine cha treni za mbali, na S8 na S9 hazipiti kile cha pili. Munich ni S1 au S8, kama dakika 40. Berlin, uwanja wa BER uko kanda C ya nauli, kwa hiyo tiketi ya kwenda mjini iwe ABC. Ya AB ni nafuu na mashine itakuuzia bila swali, lakini uwanjani haifai. Mwenye Deutschlandticket hahitaji kufikiria kanda.

Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni mpakani kwa mfumo wa kompyuta, picha na alama za vidole, badala ya kugonga muhuri kwenye pasipoti. Foleni inaweza kuwa ndefu. Treni ya mbali yenye tiketi ya kufungwa usiipange chini ya saa tatu baada ya ndege kutua, na siku ya kurudi fanya vivyo hivyo kinyume chake.

Kwenye begi usibebe nyama wala maziwa, hata nyama ya kukausha, haviruhusiwi kuingia. Maembe ya kumpelekea dada hayaruhusiwi bila cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi, ndizi na tende vinaruhusiwa. Nazi ilimfurahisha dada yangu kuliko zawadi nyingine zote.

Hatua ya 7: Gonga muhuri

Tiketi ya karatasi kutoka kwenye mashine mara nyingi bado haijaanza kutumika. Kwenye jukwaa, au ndani ya basi na tramu, kuna kisanduku kidogo chenye tundu. Ingiza tiketi kigonge tarehe na saa. Zipo zinazotoka zikiwa zimeshagongwa, na za kwenye simu hazihitaji kugongwa, lakini za simu lazima uzinunue kabla ya kupanda.

Safari yangu ya kwanza, katika mji mmoja wa kusini, nilikuwa na tiketi halali mkononi, nimeilipia, sijaigonga. Vijana wawili waliovaa jinzi kama abiria wengine walisimama mlango ulipofungwa, wakatoa vitambulisho. Nilieleza. Mmoja alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaandika karatasi ya euro 60. Kwa bajeti yangu hiyo ni siku tatu za chakula, na iliniuma kwa sababu sikuwa nimekusudia kumwibia mtu. Lakini kwao tiketi isiyogongwa unaweza kuitumia tena kesho, na hawana namna ya kusoma moyo wako. Gonga kwanza, ndipo utafute kiti.

Berlin, tiketi moja ya safari moja hutumika saa mbili kwa kuelekea upande mmoja. Kurudi ulikotoka kwa tiketi hiyo hairuhusiwi. Miji mingine ina kanuni zake, zimebandikwa ubavuni mwa mashine.

Hatua ya 8: Kula, kunywa, na chupa

Euro 20 kwa siku inatosha ukinunua kwenye maduka kama Aldi, Lidl, Penny au Netto na kupika hostelini. Mayai, mchele, maharage ya kopo, nyanya, mkate na matunda ni rahisi kuliko unavyotarajia. Unga wa ugali upo kwenye maduka ya Kiafrika, ila kwa bei ya kitu cha hamu. Weka pakiti moja begini. Mlo mmoja wa nje kwa siku unawezekana: döner ni kama euro 7 na inashibisha mtu mzima. Mwislamu aulize halali, na asome vifungashio. Schwein, Speck na Schinken yote ni nguruwe.

Jumapili maduka hufungwa, nchi nzima. Vivyo hivyo siku za sikukuu, kama 1 Mei na 3 Oktoba. Nunua chakula cha siku mbili Jumamosi. Ukisahau, maduka ya ndani ya vituo vikubwa vya treni hufunguliwa, kwa bei ya juu.

Maji ya bomba ni salama na ni matamu. Beba chupa yako. Ukinunua chupa ya plastiki au kopo mara nyingi utatozwa senti 25 za amana, zinazoitwa Pfand, na utarudishiwa ukiitumbukiza kwenye mashine ya dukani ikiwa haijapondwa. Mashine inatoa risiti, unaipeleka kaunta. Usitupe hata moja. Vyoo vya vituoni hutozwa, mara nyingi euro 1, ila vya ndani ya treni ni bure, basi malizia haja kabla ya kushuka.

Hatua ya 9: Pesa mkononi

M-Pesa kule haina kazi. Kadi ya Visa au Mastercard hupokelewa sehemu nyingi, lakini migahawa midogo, maduka ya mikate ya asubuhi na maduka ya mtaani bado hupenda pesa taslimu, na wengine hupokea kadi za benki za Ujerumani peke yake. Tembea na euro 50 kwa noti ndogo. Noti ya 200 itakutesa. Ijulishe benki yako kabla ya kusafiri, maana kadi inayotumika ghafla Leipzig inaweza kufungwa kwa usalama.

Ukitoa pesa kwenye mashine, tumia ya benki, si zile za kujitegemea zinazosimama mbele ya hoteli na vituo vya watalii. Mashine ikikuuliza kama ikate kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Inaonekana kama msaada kukuonyesha shilingi zako, lakini kiwango chao cha kubadilisha kina faida yao ndani yake, na swali hilohilo hujitokeza pia madukani kwenye kimashine cha kadi.

Hatua ya 10: Unachotazama

Kuba la bunge, Reichstag, ni bure, ukijiandikisha mapema kwenye tovuti yao na kubeba pasipoti. Basi namba 100 la Berlin, kutoka Alexanderplatz hadi Zoologischer Garten, hupita majengo karibu yote yaliyo kwenye kadi za posta, kwa nauli ya kawaida.

Kiingilio kimoja ambacho nakusihi ukilipie ni cha Museum für Naturkunde, hapohapo Berlin. Ukumbini amesimama mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na waliochimba na kuibeba kichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi walikuwa watu wetu, mamia yao. Nilisimama pale muda mrefu. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamelala chali sakafuni wakiutazama mwisho wa shingo, nami nilikuwa nasoma kibao nikitafuta jina la Lindi. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla ya makundi ya shule, na upitie mtandaoni kununua tiketi ili usisimame foleni.

Siku ya kuondoka, rudisha chupa jioni ya kuamkia safari, angalia tena kwamba Deutschlandticket imekatishwa, na piga picha ubao wa treni za kwenda uwanja wa ndege, si ile uliyokusudia kupanda tu, bali na iliyotangulia kabla yake. Panda hiyo iliyotangulia.